UZI: Kura za maoni zikituacha vipande vipande, Oktoba tutashinda na nani?

Karafuu Kavu (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na wasokuwa Waislamu khabari zenu.

Fomu za kuomba kugombea ndo hizo zishaanza kunukia, mwisho wa mwezi huu wa Juni 2025 watu wanaanza kuzifata, na kila maskani ninayopita, Michenzani, Jang'ombe, mpaka Chake nilikokwenda juzi kwenye msiba, mazungumzo ni hayo hayo: fulani analitaka jimbo, fulani kashuka kutoka Bara na yeye analitaka, alioko hataki kutoka. Kugombea ni haki ya mtu, hapo sina neno. Khofu yangu mie iko baada ya kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, pale watu wanapotoka ukumbini hawasemezani, halafu wiki chache baadae chama kinawataka hao hao wapande gari moja waimbe wimbo mmoja, na wao hawapandi. Chama changu sikitaji na jimbo langu silitaji, manake haya hayana chama, yanawakuta wote.

Nikupeni hesabu kwanza. Urais wa Zanzibar mwaka 1995, Dk. Salmin wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF 49.8. Mwaka 2010 Dk. Shein kura 179,809, Maalim 176,338. Toa hapo utapata 3,471. Gawa kwa majimbo 50 ya wakati ule, hazifiki kura 70 kila jimbo. Kura 70 ni nini? Ni ukoo mmoja ulokasirika. Ni baba na kaka zake na watoto na wakwe, wote siku ya kupiga kura wamebaki nyumbani wanapika. Hapa kwetu chama hakihitaji kuhamwa na watu elfu kumi kianguke, kinahitaji ukoo mmoja tu kila jimbo useme mwaka huu hatumo.

Pili, watu wanadhani aliyeshindwa kura za maoni anaondoka na kura yake moja. Anaondoka na watu wa kazi. Anaetaka jimbo lazima awe na vijana wake wa kubandika, kinamama wake wa kupita nyumba kwa nyumba, mzee mmoja kila shehia anaejua nani kahama na nani kafa na nani kaoa wapi. Hao ndo wanaokuja kuwa mawakala vituoni. Wakala anakaa kituoni toka alfajiri mpaka usiku, posho yenyewe ndogo na pengine asiione, anafanya kwa mapenzi. Mtu uliemwita msaliti mwezi wa nane hana mapenzi hayo mwezi wa kumi. Atakuja akae, ndio, lakini akae vipi?

Na sheria zetu haziruhusu mgombea binafsi. Marehemu Mtikila alikwenda mpaka Mahkama ya Afrika pale Arusha na 2013 akashinda, lakini mlango huo mpaka leo haujafunguliwa. Kwa wenzetu Kenya mtu akidhulumiwa kwenye chama anatoka akasimama binafsi, unamuona, unamuhesabu, unajua kaondoka na wangapi. Kwetu ama ahamie chama chengine ama abaki ndani na kofia ile ile kichwani, na huyu wa ndani ndie mbaya zaidi kwa sababu kwenye vikao anasema ndio.

Nimeliona hili kwetu. Mshindi wa pili alikuwa na nguvu sana kwenye shehia mbili. Usiku wa matokeo vijana wa mshindi wakapita mbele ya nyumba yake na pikipiki, honi na nyimbo, mama yake mzee mle ndani kaugua. Hakuna alietoka chamani. Hakuna alierudisha kadi. Siku ya uchaguzi mkuu zile shehia mbili zikajitokeza kidogo kuliko zote, na kwenye masanduku ya kule kule mgombea wetu wa Urais kapata kura nyingi kumshinda mgombea wetu wa Ubunge, kwa tofauti ya kutisha. Zanzibar mtu anapewa karatasi tano, Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani, kwa hivo anaweza kukipa chama chake karatasi nne na ile ya tano akamalizia hasira zake. Jimbo likaenda.

Naomba michango ya watu walokaa ndani ya mambo haya, si matusi ya vyama.

Dau la Mkoani

Ndugu yangu Karafuu nimekusoma vizuri ila naona unatutisha. Mwaka 2000 Kamati Maalum ya CCM Zanzibar ilimtaka Dk. Bilal agombee Urais wa Zanzibar, vikao vya taifa Dodoma vikamteua Amani Karume, watu walinuna hapa Unguja mpaka basi, na CCM ikatangazwa kwa asilimia 67. Mwaka 2015 Lowassa anautaka Urais wa Muungano kakatwa Dodoma, wajumbe wa Halmashauri Kuu wanaimba wana imani na Lowassa mbele ya mwenyekiti wao, wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakatoka hadharani kujitenga na maamuzi, yeye mwenyewe akahamia Chadema, na bado Magufuli kashinda kwa asilimia 58. Chama chenye mizizi hakianguki kwa sababu mtu kakatwa jina.

Karafuu Kavu

Dau, huo wa 2000 mimi na wewe tunajua ulivokwenda, majimbo 16 ya Mjini Magharibi yalirudiwa siku nyengine na mengine yalofata Januari 2001 hapa si pahala pake. Usiutumie kupimia nguvu ya chama chochote.

Lakini nakushukuru umemtaja Dk. Bilal, manake yeye ndie mfano wangu mkubwa na sikuuweka pale juu. Julai 2010 Dodoma, CCM inatafuta mgombea wa Urais wa Zanzibar, Shein kapata kura 117, Bilal 54, Shamsi Vuai Nahodha 33. Mtu anaungwa mkono Unguja miaka kumi, mara ya kwanza anaambiwa wa Zanzibar wamekupenda lakini Dodoma haijakupenda, 2005 akajaribu tena kukawa hakuna kitu, na 2010 kashindwa tena. Watu wake wangelikaa vibarazani safari hii nani angeliwalaumu? Ila hawakupewa nafasi ya kununa. Dodoma ile ile, siku zile zile, Kikwete akamchukua Bilal kuwa mgombea mwenza. Yani mtu alieingia ukumbini kutafuta Zanzibar akatoka na Umakamu wa Rais wa Muungano. Wale waliokuwa na fulana za Bilal wakarudi Unguja wana kitu cha kusherehekea. Kisha angalia Shein kashinda kwa kura ngapi: 3,471. Niambie ingekuwaje kama Bilal kaachwa arudi nyumbani mikono mitupu.

Hesabu Zangu

Uzi mzuri. Nataka kuongeza kitu ambacho watu wengi wanakigeuza.

Tukiona chama kina ugomvi wa ndani halafu kinashindwa tunasema ugomvi umekiangusha. Mara nyengine ni kinyume, chama kishakuwa dhaifu ndo watu wanapata ujasiri wa kugombana. Mbunge anaependwa hapati wapinzani kwenye kura za maoni, mbunge alochokwa anapata kumi na tano. Sasa akija kushindwa Oktoba kimemshinda kile kivumbi au kimemshinda kule kuchokwa? Hata CCM 2015 msiseme Lowassa tu, Kikwete alipata asilimia 80 mwaka 2005, 2010 ikashuka mpaka sitini na kitu, na Lowassa alikuwa bado yumo ndani anaimba. Kushuka kulikuwa kushaanza.

Wamarekani wamelichunguza jambo hili miaka mingi kwa sababu kila jimbo lao lina kura za maoni za chama, na kwa muda mrefu walikuwa hawakubaliani kwa sababu hiyo hiyo niliyoitaja. Lakini kuna utafiti mmoja ulitumia njia nzuri. Kuna majimbo ya kule ambayo mgombea wa kwanza asipofika kiwango fulani wanarudia duru ya pili. Wakalinganisha sehemu zilizoponea chupuchupu kurudia na zilizolazimika kurudia, yani zinafanana kila kitu isipokuwa zile kura chache tu. Kwa Bunge la kitaifa, chama kilichoburuzwa mpaka duru ya pili kilipoteza kati ya asilimia 6 na 9 ya kura kwenye uchaguzi mkuu. Sasa chukua hiyo 6 iweke kwenye Zanzibar ya 1995 au ya 2010. Ila kwenye mabaraza madogo ya majimbo, ambako watu hawafatilii sana, madhara hayakuonekana na pengine yale mashindano yalimsaidia mgombea kujulikana.

Kwa hivo kinachoumiza ni ugomvi unaoonwa na wote. Hapa kwetu kisiwa chenyewe kidogo, upi hauonekani?

Mzee wa Vitongoji

Wanangu mmenikumbusha mbali. Nyote mnaanza 1995, mimi naanza 1985.

Mzee Mwinyi kachukuliwa kwenda kuwa Rais wa Muungano, Zanzibar ikabaki wazi. Ukafanyika mchuano ndani ya CCM, chama ni kimoja tu wakati ule, baina ya Mzee Idris Abdul Wakil na Seif Sharif Hamad alokuwa Waziri Kiongozi. Idris akapita kwa kura chache sana. Seif alikuwa kijana, ana watu Pemba nzima na Unguja pia. Ukaja uchaguzi wenyewe, mgombea ni mmoja, unapiga ndio au hapana, na kuno Pemba watu wengi wakapiga hapana. Mgombea hana mpinzani na bado watu wamemkataa! Hapo ndo watu walitakiwa wakae chini. Badala yake ikawa fitna juu ya fitna, nani wa yule na nani wa huyu, mpaka 1988 Seif na wenzake wakafukuzwa chama. 1992 vyama vingi viliporudi wale walofukuzwa wakawa CUF, na 1995 mtu yule yule alieshindwa kwa kura chache ndani ya kikao akaja kukosa kwa kura chache nje ya kikao. Kinyang'anyiro kimoja kilichomalizwa vibaya kimekula miaka arubaini ya visiwa hivi. Miaka ya tisini kuno watu walikuwa hawazikani. Duka la fulani hununui, daladala ya fulani hupandi. Msiyaite mambo ya kura za maoni madogo.

Bint Makunduchi

Shikamoo mzee wa Vitongoji.

Mie niseme la upande wetu maana wanaume mnaandika kana kwamba kampeni inafanywa na nyie. Anaepiga hodi ni sisi. Anaejua bibi fulani kipande chake cha kupigia kura kimepotea ni sisi. Na kwenye kura za maoni akijitokeza mwanamke hawamtukani kwa sera, wanamtukana kwa mume wake, ndoa yake ya kwanza, amezaa na nani, anakwenda wapi usiku. Zinasambazwa sauti kwenye magrupu ya WhatsApp watoto wake wanazisikia skuli. Wanaosambaza ni wenzake wa chama kimoja. Kura zikipigwa akashindwa, baada ya wiki anapigiwa simu na katibu, dada tunakuomba uwalete kinamama wako, kanga zipo.

Kanga! Mtu kavunjiwa heshima yake kijiji kizima unamwendea na kanga. Mimi nimekaa na dada mmoja hivo hivo, siku ya uzinduzi wa kampeni kajifungia chumbani, na kinamama wake, na walikuwa wengi na ndio walokuwa wakijaza kila mkutano, hakuna alievuka kizingiti. Hawakwenda upinzani. Walikwenda kuchuma mwani siku ya kura. Hakuna chama kilichowafata kuwauliza mpaka leo, na mwaka huu wanaitwa tena.

Na viti maalum ni hayo hayo, msifikiri kule kuna usalama.

Kijana wa Fuoni

Dada umesema kweli tupu na inauma.

Mie naongezea hili la klipu. Zamani chama pinzani kilikuwa kinatafuta la kukusema. Siku hizi hakitafuti. Kinakaa kinasikiliza kura zenu za maoni, kila mlilomwita mwenzenu kinaliweka, mwizi wa mfuko wa jimbo, hakai jimboni, hajui hata njia ya skuli ya kijiji, kisha kwenye kampeni kinaiweka sauti yenyewe kwenye spika: haya si maneno yetu, haya ni maneno ya mjumbe wao wa kamati ya siasa. Utajibu nini hapo? Ukimkanusha mjumbe wako unamkasirisha yeye na watu wake, usipomkanusha umekubali.

Hesabu Zangu

@Kijana wa Fuoni hilo ni la zamani sana hata kwa wenzetu. Marekani 1980, George Bush yule baba alikuwa anashindana na Reagan ndani ya Republican, akauita mpango wa uchumi wa Reagan ni uchumi wa kiganga. Maneno yakawafata mpaka uchaguzi mkuu. Lakini Reagan aliposhinda ndani ya chama alimchukua Bush huyo huyo kuwa mgombea mwenza. Mwaka ule ule upande wa pili Democratic, Ted Kennedy kampinga Rais Carter alioko madarakani mpaka siku za mwisho, pale mkutanoni New York Kennedy katoa hotuba ukumbi ukasimama, na usiku wa kufunga Carter anamtafuta jukwaani wanyanyue mikono pamoja, Kennedy anampa mkono juu juu anaondoka, nchi nzima inaangalia televisheni. Reagan kashinda vizuri. Sikatai Carter alikuwa na matatizo mengine makubwa, mateka kule Iran na bei za vitu, hayo ndo niloyasema kwamba udhaifu unatangulia. Lakini vyama viwili, mwaka mmoja, vyote vimepigana. Kimoja kilimtafutia kazi alieshindwa.

Na 2008 Obama na Hillary Clinton walivutana mpaka Juni, watu wakasema Democratic wamejimaliza. Hillary akasimama akawaambia watu wake wampe Obama, kwenye mkutano mkuu Denver yeye mwenyewe akaomba Obama apitishwe kwa sauti moja, baadae kawa Waziri wa Mambo ya Nje. Wameshinda.

Tawi la Kwanza

Nasoma nasoma naona suluhisho ni moja, hizi kura za maoni ziondoke. Vikao viteue mtu anaefaa basi. Januari 2025 Dodoma mkutano mkuu wa CCM ulipitisha azimio, Mama Samia na Dk. Mwinyi ndo wagombea Urais, hakuna fomu hakuna makundi, kila mtu karudi kwao salama. Chadema wao wakafanya uchaguzi wa mwenyekiti mwezi huo huo mpaka usiku wa manane, Lissu 513 Mbowe 482, Mbowe kakubali matokeo kistaarabu kabisa na bado Mei kundi zima limeondoka limekwenda chama chengine, CHAUMMA. Sasa faida ya kupigiana kura iko wapi?

Karafuu Kavu

Tawi la Kwanza, kutopiga kura hakuwaondoi wanaotaka, kunawanyima pahala pa kushindwa. Mtu akishindwa kwa kura mbele ya macho yake anaumia lakini anajua kashindwa. Mtu akikatwa jina kikaoni haumalizi moyo wake, kila siku anaamini angelishinda, na watu wake wanaamini hivo hivo.

Kenya 2002. Mzee Moi aliwatangazia KANU kwamba wake ni Uhuru Kenyatta. Hakuna kura, hakuna kivumbi, vikao vimepita. Raila, Kalonzo, Saitoti wakatoka, wakaungana na Kibaki, Desemba Kibaki kapata asilimia 62 na Uhuru 31, na KANU ilotawala toka uhuru ikaondoka madarakani. Ukimya ule wa kwenye vikao haukuwa amani.

Na hapa kwetu kuna la katikati ambalo naliona baya kuliko yote mawili: kupiga kura halafu kuzitupa. Mwaka 2020 CCM wajumbe walipiga kura nchi nzima, watu wakaanza msemo ule wajumbe si watu wazuri, kisha vikao vya juu vikachukua wa pili, wa tatu, wa ngapi, kumuacha alioongoza. Sasa umepata majeruhi wa aina mbili, aliopigiwa kura akanyimwa na aliopewa bila ya kura ambae kila anapopita anasonywa. Kama chama kina sababu ya kumkata mtu, rushwa au tabia, kimkate kabla ya kura na kimwambie. Kumkata baada ya kura kwa kimya ni kuwatukana wote waliompigia.

Kuhusu Chadema umejijibu mwenyewe. Mbowe kakubali lakini waliokuwa nyuma yake hawakuona nafasi yao kwenye mstari mpya wa chama. Kukubali kwa kiongozi peke yake hakutoshi.

Mkaazi wa Wete

Jamani mmelisahau la CUF na ndilo letu kuno khasa. Mwenyekiti Lipumba kajiuzulu Agosti 2015, Juni 2016 anasema anarudi kwenye kiti chake, chama kikapasuka katikati, msajili wa vyama anamtambua huyu, Maalim anasema vyengine, kesi juu ya kesi. Machi 2019 Mahkama Kuu ikaamua Lipumba ni mwenyekiti halali, na siku ile ile Maalim akatangaza shusha tanga pandisha tanga, tumehamia chama cha ACT. Bendera Pemba nzima zilibadilishwa kwa muda mdogo mno. CUF ilokuwa na majimbo yote 18 ya Pemba mwaka 2010, ilipofika 2020 kuno ilikuwa jina tu.

Ninachotaka kusema ni kwamba mpasuko hauumizi pande zote sawa. Pale watu walimfata mtu mmoja wakahama pamoja, matawi, wazee, vijana, hata rangi za nyumba. Ila hiyo ilikuwa Maalim. Leo Maalim hayupo, toka Februari 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hakuna chama kuno chenye mtu ambae akisema tuhameni wote wanahama, wala mtu ambae akisema nyamazeni wote wananyamaza. Zamani kura za maoni zikileta maneno Maalim anawaita wote wawili, wanatoka wameshikana mikono, yamekwisha. Sasa nani anaita? Mimi ni mwanachama wa ACT na nalisema hili kwa uchungu, sisi ndio tunaohitaji kuwa waangalifu zaidi maana hatuna dola, hatuna magari, tuna watu tu.

Dau la Mkoani

Mkaazi wa Wete hilo la mwisho limenigusa. Mimi ni CCM na nakubali kwamba yule alioko madarakani ana vyeo vya kuwapa walioshindwa, mkuu wa wilaya, bodi, ukurugenzi. Chama kisicho na serikali kina nini cha kumpa?

Mkaazi wa Wete

Kina heshima yake. Mfano mshindi akaenda yeye mwenyewe nyumbani kwa alieshindwa, siku ya pili yake, si kutuma mtu. Anakwenda na wazee wawili, anaomba radhi kwa yote yaliyosemwa na watu wake, akitaka akae chini kwenye mkeka akae. Kisha kamati ya kampeni nusu iwe ya watu wa yule, na khasa meneja. Nimeshuhudia jimbo moja kuno limeokolewa hivo, alieshindwa ndie akawa anafungua mikutano yote na mgombea anakaa anasikiliza. Watu wa alieshindwa waliposikia sauti ya mtu wao kwenye spika walitoka.

Ustaadh wa Mtoni

Na hili lifanyike mapema, maana muda ni mchache. Kura za maoni zikikaribiana na kampeni hakuna nafasi ya watu kupoa, hasira zinaingia na wewe kwenye kampeni. Na pesa pia. Mgombea kamaliza pesa zake kwa wajumbe, anafika kwenye kampeni yenyewe hana mafuta ya gari, anaanza kuwakwepa vijana wake. Ile sheria ya takrima, ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahkama Kuu iliifuta 2006 lakini bahasha hazijafutika, kila mmoja hapa anajua. Mjumbe aliekula bahasha tatu haoni kama ana mgombea, na mgombea alomlipa haoni kama anadaiwa shukrani. Halafu Oktoba tunashangaa kwa nini watu hawana moyo.

Bint Makunduchi

Ustaadh hiyo bahasha sisi kinamama tunapewa ndogo kuliko wote na kazi kubwa kuliko wote, liandikeni na hilo.

Na @Mkaazi wa Wete hilo la kwenda nyumbani ni zuri lakini akienda kwa alieshindwa mwanamke aende na mke wake au dada yake, na radhi aiombe mbele ya kinamama waliosikia matusi, si chumbani peke yao. Matusi yalikuwa hadharani.

Karafuu Kavu

Bint Makunduchi naliandika. Wiki ijayo tuna kikao cha tawi kabla ya fomu, nalipeleka pamoja na mengine mawili, kwamba wanaochukua fomu wote waitwe pamoja na wake zao na waume zao na wazee wa shehia wakubaliane mbele ya watu nini kisisemwe, na kwamba karatasi za matokeo zisainiwe pale pale na mawakala wa kila mgombea na wapewe nakala mkononi, ili mtu asije akasema kura zake zimeliwa njiani. Mwenye jimbo ambalo lishafanya hivi atuwekee hapa walivofanya.

Chonga Kwetu

Mimi msomaji wa kimya siku zote, leo naandika. Mtu wangu alishindwa kura za maoni mara ilopita. Nilikuwa nimemfanyia kazi miezi mingi, nina orodha ya shehia yangu yote kwa mkono, nyumba kwa nyumba, nani mgonjwa abebwe, nani yuko Dar arudishwe. Baada ya matokeo nilisubiri mtu aje aniulize orodha ile. Hakuja mtu. Nilikuja kuona jina langu kwenye listi ya mawakala imebandikwa ukutani, hakuna alieniuliza kama nataka. Nilikwenda kituoni na nikafanya kazi yangu kwa haki kwa sababu ni amana, lakini orodha ilibaki mtotoni mwa kabati na wale wagonjwa hawakubebwa.

Mwaka huu nimeianza upya. Mgombea yeyote atakaepita, wa kwangu au si wa kwangu, anipigie simu mwenyewe kabla ya kuniandika ukutani, nampa yote.